Mvue mshipi: jinsi ya kushona suruali ya miaka ya 1850 kwa ajili ya jukwaa

Kabla hujashika mkasi, mvue mwigizaji wako mshipi. Kama mchezo wako unatokea miaka ya 1840, 1850 au 1860 na ndani yake kuna Mzungu, awe mmishonari, mfanyabiashara au karani wa ubalozi, suruali yake haikushikwa na mshipi wa ngozi uliopitishwa kwenye vitanzi. Ilining'inia mabegani. Vitanzi tunavyovijua leo kuzunguka kiuno havikuwapo kwenye suruali ya kawaida ya mwanamume wa wakati huo. Alivaa kanda mbili, zile ambazo wengi wetu tunaziita saspenda, zikapita juu ya shati, zikakamata vifungo vya suruali mbele na nyuma, kisha kizibao kikafunika kila kitu.

Mimi ni fundi wa maleba hapa Nairobi. Nilijifunza cherehani kwa mjomba wangu, Pumwani Majengo, aliyekuwa akishona sare za shule, na sasa nashonea vikundi vya kuigiza na shule zinazojiandaa kwa tamasha la drama. Msimu ukianza, hakosi kuja mwalimu mwenye mchezo wa Krapf, mmishonari Mjerumani, na Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara wa Wakamba. Ni kisa kizuri na kinafaa kuigizwa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, mwenzake Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakafanya kazi Rabai, na mwaka 1849 Krapf akasafiri bara hadi Ukambani kwa Kivoi. Huko ndiko alikouona Mlima Kenya, Desemba 3 mwaka huo. Mwalimu huja na mavazi yote ameshayapanga kichwani: kofia pana, ndevu za kubandika, suruali ya kaki, na mshipi mpana wenye bizimu kubwa ya shaba.

“Fundi, na mshipi je?”

“Hana mshipi, mwalimu.”

“Sasa suruali itasimama na nini?”

Swali lake ni la haki kabisa, na ukilijibu vizuri umeshajua namna ya kuikata suruali, kuishona na hata kumfundisha mwigizaji asimame vipi.

Ielewe suruali yenyewe kwanza

Suruali ya miaka ya 1850 ilipanda juu. Kiuno chake kilikaa kitovuni au juu yake kidogo, si kwenye nyonga kama za siku hizi. Mshipi hutaka mfupa wa kuukalia, na mfupa huo ni nyonga. Ukiupandisha hadi kitovuni, kwenye nyama tupu, itabidi uukaze mpaka mtu apumue kwa taabu, na akiketi kula unamkata tumbo. Ukiulegeza, suruali inashuka. Halafu kitambaa nacho kilikuwa kizito: sufu nene, au pamba iliyofumwa ikashibana. Mabega hayana taabu hiyo. Uzito unagawanyika mbele na nyuma kama maji ya mzega, na kiuno kinabaki na nafasi, vidole viwili vinapita bila shida.

Kuna sababu ya pili ambayo mafundi wengi hawaifikirii. Kuanzia miaka ya 1820 hadi ya 1840, wanaume wenye kujipenda walivaa suruali zenye ukanda mdogo chini ya kiatu, ili mguu uvutike wima bila kunyanzi. Kitu kinachovutwa chini namna hiyo lazima kiwe na kitu cha kukivuta juu. Kanda za mabegani zilifanya kazi hiyo, na hata ule ukanda wa kiatu ulipoachwa, jicho la watu lilikuwa limeshazoea suruali inayoteremka moja kwa moja kutoka kiunoni hadi kiatuni. Mshipi hukunja kitambaa kiunoni na kuharibu mstari huo. Ukitazama kutoka kiti cha nyuma ukumbini hutaona vifungo wala kanda, lakini mstari huo utauona, na ndio utakaokuambia huyu si mtu wa leo.

Kanda zenyewe zilikuwa biashara kamili. Albert Thurston alianza kuziuza London mwaka 1820. Charles Goodyear alipopata hataza ya kupika mpira kwa salfa mwaka 1844, watengenezaji walipata uzi wa mpira usioyeyuka kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, wakaanza kuufuma ndani ya kanda ili zivutike. Wake na wachumba walizitarizi kwa nyuzi za sufu za rangi, maua na majani, wakazitoa zawadi. Na pamoja na urembo wote huo, kanda zilihesabiwa kuwa nguo ya ndani. Mtu wa heshima hakukaa na wageni kanda zake zikionekana. Kwa hiyo mwambie mwongozaji wako mapema: mmishonari havui koti na kizibao mbele ya wenyeji wake ili kupunga upepo. Kama anataka zionekane, ampe mhusika huyo onyesho la faragha, au onyesho la kazi, anapasua kuni au anajenga.

Mishipi ilikuwepo, lakini uliza inabeba nini

Sisemi hapakuwa na mshipi duniani. Ilikuwepo mingi, na hapa ndipo watu huteleza, kwa sababu wameiona kwenye picha. Upigaji picha ulitangazwa hadharani mwaka 1839, kwa hiyo miaka tunayoizungumzia ina picha za kutosha za watu halisi. Nina kipimo ninachowapa vijana wangu karakanani: ukiona mshipi kwenye picha ya wakati huo, tazama umevaliwa juu ya nini, na nini kinaning'inia kwake.

Chukua askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Mshipi wake ni mpana, una bizimu inayong'aa, lakini uko juu ya koti. Unabeba mfuko wa risasi na ala ya singe. Ukimvua koti, utakuta suruali yenye vifungo vya kanda. Chukua mchimba dhahabu wa California, baada ya mwaka 1849: mshipi wake umebeba bastola na kisu. Mshipi wa afisa umebeba upanga. Hakuna kati ya hao ambaye suruali yake ingeanguka kama angeuvua.

Wapo waliouvaa bila kubeba kitu, na ni vizuri uwajue usije ukabishana na mtu ukashindwa. Wachezaji wa kriketi wa Uingereza walicheza bila koti wala kizibao, wakavaa mishipi ya kupendeza yenye kulabu ya chuma mbele, nyingine ikiwa na umbo la nyoka. Wavulana waliiga mishipi hiyo. Vibarua wa kuchimba reli na mifereji, na baadhi ya mabaharia, walijifunga mshipi au kitambaa kiunoni wakiwa kazini. Kwa hiyo kama mchezo wako una baharia anayepakua mizigo bandarini, mfunge kitambaa kiunoni bila wasiwasi. Lakini suruali yake pia, nyuma, iwe na matundu na kamba ya kukazia. Usitegemee kile kitambaa.

Mshipi wa kushika suruali ulichukua muda mrefu kutawala. Samuel Clemens, yule mwandishi anayejulikana kama Mark Twain, alipata hataza Desemba 19, 1871 ya ukanda wa kukazia nguo kiunoni kwa vifungo, kwa kuwa hakuzipenda kanda za mabegani. Hata yeye hakufikiria vitanzi na mshipi wa ngozi. Mei 20, 1873, fundi cherehani Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza ya suruali za kazi zilizopigiliwa vijipini vya shaba. Suruali hizo za vibarua, mama wa jinzi zote zilizojaa kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi hapa Nairobi, zilikuwa na vifungo vya kanda na kijimkanda cha kukazia nyuma. Vitanzi vya mshipi viliwekwa mwaka 1922. Vifungo vya kanda viliondolewa mwaka 1937. Hesabu mwenyewe. Reli ilipofika hapa Nairobi mwaka 1899, suruali ya kawaida ilikuwa bado ya kanda. Ni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndipo kiuno cha suruali kilipoanza kushuka kuelekea nyonga, na mshipi ukapata mahali pa kukaa. Ukijua hivyo unaweza kuvalisha michezo mingi zaidi ya ule wa Krapf.

Gikomba: unatafuta nini

Kushona suruali mpya ya sufu kwa kila mwigizaji ni gharama ambayo shule chache huimudu. Mimi hutengeneza kutokana na mitumba. Nenda Gikomba asubuhi, marobota yakifunguliwa, kabla wanunuzi wa jumla hawajachambua. Tafuta suruali ya suti ya mwanamume mnene kuliko mwigizaji wako. Kiuno cha ziada ndicho kitambaa chako cha kufanyia kazi. Rangi: kijivu, kahawia, nyeusi, hata miraba na mistari, maana wanaume wa miaka ya 1850 hawakuogopa miraba. Kwa mtu anayetembea kwenye joto la pwani, pamba nene au kitani cha rangi ya maziwa kinafaa.

Epuka kitambaa kinachong'aa. Taa za jukwaani hazikisamehi. Kama huna hakika, chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, toka nje, uchome kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Nailoni na jamii yake huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Muuzaji akiuliza unachoma nini, mwambie tu, “Napima kitambaa, mzee wangu,” naye ataelewa. Wengi wao wanajua kipimo hiki kuliko mimi.

Kisha pima kutoka msambani hadi juu ya bendi ya kiuno. Suruali nyingi za sasa zitakupa inchi 10 au 11. Unataka 12 kwenda juu, na bado utaongeza. Zile za wazee zenye marinda mbele huwa na kina kizuri, ila marinda itabidi uyafungue, kwa sababu mbele ya suruali ya 1850 ni bapa. Ziada uipunguze kwenye mishono ya ubavuni.

Kufungua na kuinua

Ukifika karakanani, toa vitanzi vyote kwa wembe wa kufumulia, taratibu, usije ukatoboa kitambaa. Alama za nyuzi zifute kwa pasi na kitambaa chenye maji. Toa zipu. Zipu ya kwanza iliyofanana na ya leo ni kazi ya Gideon Sundback, hataza yake ya mwaka 1917, kwa hiyo kwenye mchezo wako haina haki ya kuonekana. Weka vifungo vinne au vitano vilivyofichwa chini ya ubavu wa kitambaa. Ufungaji wa namna hiyo ulikuwa umeenea kufikia miaka ya 1840. Kama mhusika ni mzee asiyebadilika upesi, mshonee kibao cha mbele kinachofunguka kuelekea chini, kama suruali za mabaharia, na mwongozaji atakushukuru kwa kumtofautisha na vijana.

Sasa ng'oa bendi ya kiuno. Mahali pake weka bendi mpya yenye upana wa inchi 3, ya kitambaa cha rangi inayokaribiana, na ndani yake bitana ya pamba nyeupe. Usihangaike rangi zisipolingana sawasawa, kizibao kitaficha. Lakini usiifanye bendi iwe sawa pande zote. Nyuma iwe juu kuliko mbele kwa inchi 2 hivi, ikipanda kwa mshazari kutoka ubavuni, na katikati ya mgongo iache wazi kwa umbo la herufi V. Mwanya huo ndio unaomwezesha mtu kuinama na kuketi. Zipo suruali nyingi za wakati huo zenye mwanya huo, na ukiujaribu mara moja utajua kwa nini. Suruali iliyoshikwa mabegani bila mwanya humvuta mtu msambani kila akiinama.

Kijimkanda cha nyuma

Hapa usifanye haraka. Nyuma ya suruali, chini kidogo ya bendi, kulikuwa na vipande viwili vya kitambaa vilivyoshonwa ubavuni na kukutana katikati kwa bizimu ndogo. Kazi yake ni kukaza kiuno kwa inchi moja au mbili ili suruali ikae mwilini. Uzito unabaki kwa kanda. Huyu ndiye mshipi pekee ambao suruali ya 1850 ilikuwa nao, na ulikaa mgongoni, umefichwa.

Kata vipande viwili vyenye upana wa inchi 1 na robo upande mmoja, vikipungua hadi inchi 1 kuelekea katikati. Kimoja kiwe na urefu wa inchi 4, kingine inchi 7 ili mkia upite kwenye bizimu. Viunge kwenye mshono wa ubavu au karibu nao, na shona mara mbili, msalaba ndani ya mraba, kwa sababu mwigizaji atavuta kwa nguvu akiwa na woga wa jukwaani. Bizimu za kale zilikuwa na meno makali yaliyochoma kitambaa. Mimi hupata bizimu zinazofanana nazo, zisizo na meno, mahali ambapo hakuna anayezitazama: mgongoni mwa vizibao vya suti za mitumba. Kizibao kilichochakaa hakina bei, na kila kimoja kina bizimu yake. Toa bizimu, na mgongo wa kizibao chenyewe, ule wa hariri bandia, uhifadhi kwa bitana.

Vifungo

Vifungo vya kanda ni sita. Vinne mbele, viwili nyuma. Kwenye suruali za wakati huo vilishonwa nje ya bendi, si ndani kama suti nyingi za kisasa za saspenda. Mbele, kila upande weka jozi: kifungo cha kwanza juu ya katikati ya paja, cha pili inchi 3 kuelekea ubavuni. Nyuma, weka kimoja kwenye kila ncha ya ile V, inchi 1 na nusu kutoka katikati ya mgongo.

Chagua vifungo vya matundu manne, vya pembe, mfupa au chuma, vyenye upana wa kama nusu inchi na kidogo. Maduka ya vifaa vya ushonaji Biashara Street na River Road yana vya kufanana na pembe ambavyo jukwaani haviwezi kutofautishwa. Tumia uzi wa kushonea viatu au uzi wa kawaida uliokunjwa mara nne, uupitishe kwenye nta ya nyuki. Ndani ya bendi, nyuma ya kila kifungo, weka kipande cha turubai au kifungo kidogo bapa ili uzi usikate kitambaa.

Tazama mkono wangu ninaposhona kifungo kimoja. Kwanza naweka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, kati ya matundu, na kushona uzi ukipita juu ya njiti. Baada ya kupita mara sita natoa njiti, navuta kifungo juu, na uzi uliolegea unabaki chini yake. Nauzungushia uzi mwingine kwa kukaza, mizunguko mingi, mpaka unakuwa shina gumu lililosimama. Kisha nafunga ndani. Shina hilo ndilo litakaloacha nafasi kwa ulimi wa ngozi wa kanda kukaa chini ya kifungo. Kifungo kilichobanwa kwenye kitambaa hakitaupokea ulimi wa ngozi, au kitaupokea na kung'oka katika onyesho la pili.

Kanda za mabegani

Usinunue zile zenye vibanio vya chuma vinavyouma kitambaa. Vilikuja mwishoni mwa karne ile. Nunua utepe mgumu wa pamba, ule wa kushonea mikanda ya mabegi, upana wa inchi 1 na nusu, rangi nyeupe, ya maziwa au yenye mistari. Pima mwigizaji akiwa amevaa suruali: kutoka kifungo cha mbele, juu ya bega, hadi kifungo cha nyuma upande wa pili. Ongeza inchi 4 kwa marekebisho, kata vipande viwili.

Kwa miaka ya 1850 kanda zikutane mgongoni kwa umbo la X. Kwa mhusika wa miaka ya 1820 au 1830 zishuke sambamba, zikiunganishwa na kipande kimoja cha kulala, kama herufi H. Umbo la Y, ambalo kanda mbili huungana na kuwa moja mgongoni, ni la baadaye. Pale zinapopishana, shona kipande cha ngozi cha mraba.

Ngozi utaipata soko la Kariokor kwa mafundi wa viatu vya akala na mikoba. Waombe masalio ya ngozi laini ya mbuzi. Kila mwisho wa mbele ukate ulimi unaogawanyika mara mbili, miguu miwili ya kukamata ile jozi ya vifungo, na kila mwisho wa nyuma ulimi mmoja. Tundu la kifungo kwenye ngozi usilikate kwa mkasi tu. Toboa shimo la duara kwanza kwa kitobolea, kisha kata mfereji mfupi kuelekea juu. Duara huzuia ngozi kuchanika. Kama unataka zivutike, ingiza inchi 3 za lastiki karibu na ulimi wa nyuma, uifunike kwa kitambaa. Kwa mwigizaji anayecheza ngoma au kupigana jukwaani, usiache kuiweka.

Yaliyobaki ni madogo. Pasi: bapa kwenye mishono, usipige mstari wa mbele, maana mstari huo ulikuja mwishoni mwa karne. Pindo la chini lisikunjwe nje. Kizibao kishuke inchi 1 au zaidi chini ya ukingo wa juu wa bendi, shati lisichungulie hata mwigizaji akiinua mikono.

Wenyeji wa pwani kwenye mchezo huo huo

Mchezo wa Krapf au wa Zanzibar ya Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, hauna Wazungu peke yao, na mara nyingi hawa ndio wanaopewa maleba ya hovyo. Hapa huhitaji suruali. Mfanyabiashara wa pwani mvalishe kanzu, na ndani yake kikoi. Kikoi hakina kifungo wala mshipi. Kinakunjwa mbele, kinabanwa, kinaviringishwa juu ya kiuno, na kinakaa. Mfundishe mwigizaji aviringishe mwenyewe mpaka mkono uzoee, usimtilie pini. Kwa watu wa kawaida, kitambaa cha pamba kisichopaushwa ndicho sahihi. Meli za Salem, Massachusetts, zilikileta Zanzibar kwa wingi kiasi kwamba kikaitwa merikani, na Marekani iliweka konseli wake huko tangu 1837. Biashara Street bado kinauzwa kwa mita, na ni rahisi.

Mtu mkubwa mwenye jambia mfunge mahazamu, yaani kitambaa cha kiunoni, juu ya kanzu, jambia likae mbele katikati. Kipimo changu cha mshipi kinashika hata hapa: umebeba silaha, haukushika nguo.

Kumpima mwigizaji kabla ya siku yenyewe

Mvalishe kila kitu, na kiatu chake. Legeza kijimkanda cha nyuma kabisa, kisha mwambie atembee. Suruali ikishuka, kanda ni ndefu, hapo ndipo pa kurekebisha, usikimbilie kukaza kiuno. Mwambie achuchumae, apige magoti kama anayeomba, ainue mikono yote miwili, aketi kwenye kigoda. Sikiliza nyuzi. Ukisikia mlio, ni msambani au kwenye kifungo cha nyuma, na uende moja kwa moja huko.

Vijana wetu wamezoea kuning'iniza vidole gumba kwenye mshipi wakisimama. Hapa hawana mshipi. Mwonyeshe kushika ukingo wa koti, au kuingiza kidole kwenye mfuko wa kizibao. Mkumbushe pia kwamba msalani ni lazima avue koti na kizibao kabla ya kufungua kanda, kwa hiyo aende mapema, dakika kumi kabla ya kengele ya kwanza. Na ndani ya kizibao, upande wa kushoto, mshonee kifungo kimoja cha akiba, na sindano yenye uzi uliotiwa nta tayari.